Mwaka Pua Yangu Ilipokufa

Jumamosi iliyopita mwalimu Nukuu aliagwa rasmi, na mimi nilialikwa kama kielelezo. Nukuu si jina lake. Ni jina tulilompa sisi wanafunzi, kwa sababu katika miaka yote aliyofundisha Baiolojia pale shuleni hakuwahi kufanya zaidi ya kusimama dirishani, mgongo kwetu, macho kwenye ng'ombe wa watu waliokuwa wakila uzio wa shule, na kunukuu kitabu kwa Kiingereza: mkato, nukta, aya mpya. Nasi tuliandika. Kama angekohoa katikati ya sentensi, kuna watu darasani kwetu wangeandika na kikohozi. Sasa amestaafu, amevalishwa shada la maua ya plastiki, amekalishwa meza kuu chini ya turubai, na mshereheshaji akampa kipaza sauti, kosa ambalo hakuna aliyeweza kulirekebisha kwa muda mrefu sana. "Mnamwona yule binti?" akasema, akininyooshea kidole. "Skolastika. Leo yuko kidato cha sita, sayansi. Atakwenda kusomea udaktari. Nani alimpandia mbegu? Huyo ni zao langu!" Watu wakapiga makofi. Nilikuwa na pilau mdomoni na nikaimeza bila kutafuna, kwani njia nyingine ilikuwa kumtemea diwani aliyekaa mbele yangu. Shangazi Febronia, aliyekaa pembeni yangu na kitenge chake cha sherehe, akaniinamia. "Zao lake?" akanong'ona. "Alipalilia lini?"

Basi niuandike mwaka wenyewe, kabla haujawa mali yake.

Nilikuwa kidato cha pili na nilikuwa nalala stoo. Nyumba ya shangazi iko Malangali, mtaa wa hapa Sumbawanga, ina vyumba vya kutosha watu, lakini shangazi anauza samaki, na samaki walikuwa na heshima kuliko watu. Kitanda changu kilibanwa ukutani na viroba vya dagaa wakavu kutoka Wampembe, kule ziwani, vikapangwa hadi dirishani, kwa hiyo asubuhi mwanga uliingia chumbani kama mtu anayechungulia. Kwenye misumari ya juu zilining'inia sare zangu za shule, ambazo darasani zilinipatia nafasi kubwa kwenye dawati: hakuna aliyetaka kukaa karibu. Sikulalamika. Nilikuwa mjini, nilikuwa shuleni, na nilijua kwa nini. Si kwa sababu shangazi alipenda elimu. Shangazi alikuwa ananusa ugoro tangu ujana wake, na kopo lake dogo la bati lilikuwa limeshaua kila kitu ndani ya pua yake. Angeweza kulala juu ya mzoga akaota maua. Sasa, mfanyabiashara wa samaki asiyenusa anahitaji pua ya kuazima, na hiyo pua ilikuwa yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Lori la Wampembe likifika, wauzaji wanashusha viroba, na kila muuzaji anakuonyesha dagaa wa juu, wale wanaong'aa. Wa juu hawana maana. Hata mimi juu naonekana mtoto mwema. Unazamisha mkono mpaka kiwikoni, unachota wa katikati, unawafikicha viganjani mpaka joto liwapate, kisha unanusa. Kama kiroba kililoa ziwani au njiani kikaanikwa juujuu, katikati huwa kuna harufu nyingine chini ya ile ya samaki, kali kama choo cha shule. Nilikuwa naipata bila kufikiri. Nilikuwa nasema "twende" au "rudisha," na shangazi, mwanamke ambaye hakumwamini hata padri kuhusu saa ya misa, aliniamini. Wauzaji walinichukia. Baba Zuhura, aliyekuwa analeta dagaa wake kutoka kwao Wampembe na kujisifia swala zake tano kabla ya kutaja bei, aliniita "mkaguzi" kwa sauti ambayo wengine huitumia kwa panya.

Halafu yakaja mafua. Yalipita mjini kote, yakapita kwetu, yakaondoka na kila kitu. Niliamka siku moja homa imeshuka, nikaona stoo ni safi. Safi kabisa, kama hospitali kwenye televisheni. Nikalamba chumvi: mchanga wenye hasira. Nikala ugali: godoro. Nikaenda jikoni kumwambia shangazi kwamba pua yangu imekufa, naye akacheka mpaka akashika meza. Ndipo nilipojua ubaya wa kuwa mchekeshaji. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimemwambia kwamba mwenyekiti wa mtaa anakagua vyoo vya watu, naye akakisugua chake tangu alfajiri. Kabla ya hapo nilimshawishi jirani kwamba kuku wake anataga akiimbiwa, na jirani aliimba. Sasa nasema kweli, na kweli yangu inapokelewa kama igizo.

"Shangazi, sinusi. Wallahi."

"Wewe Mkatoliki, wallahi ya nini?"

"Nimeazima. Naona viapo vyangu haviaminiki."

"Unakimbia kazi, Skola. Lori linakuja kesho, leo pua imekufa. Imekufa kwa ratiba?"

Aliamini baada ya kunishikia chini ya pua kitunguu, kisha mafuta ya taa, kisha soksi ya mwanawe Deo ambayo mimi sitaki kuijadili, na mimi nikabaki namtazama tu kama ng'ombe. Hapo kicheko kikamwisha. Zikaanza dawa. Nilifunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani ya mlingoti, yaani mkaratusi, yaliyochemka mpaka nikatoka nimelainika kama nyanya. Nilidondoshewa mafuta puani. Mama mmoja wa jumuiya ya kanisani alikuja kuniombea na akakaa mpaka chakula cha mchana, akala, akasema anaona mabadiliko. Kila mtu alikuwa anajua. Hilo ndilo lililonishangaza na ndilo linalonikera hadi leo: sikuwahi kukutana na mtu asiyejua dawa ya pua. Na kila mmoja, dawa yake ikishindwa, aliniangalia kwa lawama, kana kwamba nimeikalia makusudi.

Nikaenda na tatizo langu shuleni, mjinga mimi. Wiki ile Nukuu alikuwa kwenye mfumo wa neva. Akanukuu kwamba seli za neva zikishakufa hazizaliwi tena, nukta. Nikanyoosha mkono, jambo ambalo katika kipindi chake lilikuwa kama kuvua shati. "Mwalimu, na za kunusa je? Zangu zimekufa." Darasa likalipuka, kwa sababu mimi nikisema "habari za asubuhi" darasa linalipuka. Nukuu akageuka kutoka dirishani, na nadhani ndiyo mara ya kwanza niliona uso wake wote. "Neva ni neva," akasema. "Pua imekwenda, kinachofuata ni ubongo. Ingawa kwako wewe mpangilio umeanza na ubongo. Aya mpya." Wakacheka tena, safari hii kwa ajili yake, na yeye akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi asiyostahili. Ningemsamehe hilo. Mimi mwenyewe nimewachekesha watu kwa mambo mabaya zaidi. Ambalo sijamsamehe ni la jioni yake.

Jioni alipita sokoni kununua migebuka, kama kawaida yake, akichagua kwa kuwabonyeza macho. Shangazi alimpokea kwa magoti yaliyokunjika kidogo, maana mwalimu ni mwalimu. Mimi nilikuwa nyuma ya meza nafunga dagaa kwenye mifuko, wao wakazungumza juu ya kichwa changu kama vile mimi ni mzani. "Mwalimu, huyu mtoto pua imekataa. Itarudi?" Angeweza kusema chochote. Angeweza kusema mpeleke hospitali. Badala yake alipandisha suruali, akatumia sauti ya dirishani. "Mama Deo, kitaalamu, hiyo haipo tena. Neva haizaliwi. Hilo ni la kudumu." Kisha akaomba apunguziwe, akapunguziwa, akaondoka na samaki wake. Tulifunika meza. Njiani akasema bila kuniangalia: "Shule zikifungwa mwezi wa sita, utarudi Milepa. Mama yako anahitaji mtu wa shamba. Mimi hapa siwezi kulisha pua mbili zilizokufa."

Sikuchekesha. Natamani ningeweza kuandika kwamba nilisema kitu cha ujasiri, lakini nilibeba beseni tu. Milepa si kubaya, ni nyumbani, huko bondeni kuna joto zuri kuliko baridi hii ya juu inayokukata masikio. Ila najua mtu akirudishwa kulima "kwa muda" inakuwaje. Nina binamu wawili ambao bado wako kwa muda.

Pua ikarudi mwezi wa tano. Ilirudi kama mlevi anayerudi nyumbani: kwa fujo na kwenye mlango usio wake. Asubuhi nilikuwa naoga, sabuni ikanuka tairi linaloungua. Nikashangilia peke yangu bafuni, uchi, nikisifu tairi. Chai ikanuka manyoya ya kuku yaliyobabuliwa. Vitunguu vikikaangwa, nilikimbia nyumba. Na nilipotumbukiza mkono kwenye kiroba cha Baba Zuhura siku lori lilipokuja, yakanijia mafuta ya taa yaliyochanganywa na kitu nisichokijua, nikatapika pale pale, mbele ya soko, karibu kabisa na viatu vyake.

"Rudisha!" shangazi akapaza sauti. "Rudisha vyote! Mmeona wenyewe!"

"Mama Deo, miaka yote hii!" Baba Zuhura alichota dagaa akawainua juu. "Dagaa hawa niliwaanika mwenyewe. Mwenyewe! Unanivunjia jina kwa matapishi ya mtoto?"

Vikaenda meza ya jirani, ambaye alivichukua vyote huku akitucheka. Mpaka jioni alikuwa amemaliza kuuza, na kila mteja aliyepita kwetu alisimulia jinsi dagaa wa pale walivyokuwa watamu. Shangazi alisikiliza kila mmoja. Tulipofika nyumbani alitoa begi langu chini ya kitanda akaliweka juu yake, wazi, akalitia nguo zangu.

Aliyeniokoa ni Baba Zuhura, na hakufanya hivyo kwa wema. Alikuja asubuhi yake kudai jina lake. Alikaa kwenye kigoda uani, akakataa chai, akasema hataondoka Sumbawanga mpaka ijulikane kama kilichooza ni dagaa au ni mtoto. "Mpeleke akapimwe. Daktari akisema mzima, basi mimi ni tapeli na nisilete tena. Akisema mgonjwa, utatangaza sokoni." Shangazi hawezi kupoteza dagaa wa Baba Zuhura, ndio wazuri kuliko wote, na wote wawili walilijua. Tukaenda hospitali watu watatu, kama kesi.

Daktari wa masikio na pua alikuwa dada mdogo, amechoka, ana kalamu nywelani. Nilikuwa nimeshamdharau kabla hajafungua mdomo, nikihesabu ni dawa gani atakayoijua. Akanimulika, akauliza harufu zimekuwaje, na nilipomwambia kuhusu sabuni na tairi akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hizo ni habari njema."

"Habari njema nimetapika sokoni?"

"Ndiyo. Maana yake mafundi wamerudi kazini." Akachora nyuma ya boksi la glavu. Ndani kabisa juu puani kuna kipande cha ngozi laini kama stempu, na humo zimo seli za kunusa. Ni neva kweli, akasema, lakini zinaishi nje, zinapigwa na vumbi na moshi na mafua, kwa hiyo zimeumbwa kufa na kuzaliwa tena maisha yote. Chini yake zimelala seli changa. "Za juu zikiwa hai, zinatuma ujumbe chini, wa kemikali: tupo, tunatosha, lala. Mafua yakipita yakazifagia za juu, ujumbe unakatika. Za chini zinasikia kimya."

"Zinaamka," nikasema.

"Zinaamka, zinagawanyika. Majirani wanaziambia: wewe uwe ya kunusa, wewe uwe ya kumtegemeza mwenzio. Ni yale yale yaliyotokea ulipokuwa tumboni kwa mama yako, pua ilipokuwa inajengwa. Halafu kila seli mpya ya kunusa inaotesha uzi mwembamba, unapenya kwenye vitundu vya mfupa, unaingia kichwani kutafuta chumba chake. Tumboni vyumba vilikuwa vipya. Sasa hivi nyumba ina watu, uzi unabisha popote."

"Ukiingia chumba kisicho chake?"

"Dagaa wananuka mafuta ya taa."

Baba Zuhura akapiga paja. "Sikusema? Ni mtoto!"

Shangazi alikuwa bado na Nukuu kichwani. "Daktari, mwalimu wake alisema neva haizaliwi. Ni msomi."

"Nyingi hazizaliwi. Hizi zinazaliwa."

"Kwa hiyo atapona?"

"Wengi hupata nafuu. Yeye, sijui."

"Lini?"

"Sijui, mama."

Shangazi alimtazama kama mtu aliyeuziwa chupa tupu. Mimi nilitaka kumkumbatia. Mwaka ule wote, katika mji mzima uliojaa wanaojua, yule alikuwa mtu mzima wa kwanza kuniambia sijui, na alikuwa ndiye pekee mwenye haki ya kusema najua. Jumamosi, nilipomwona Nukuu kwenye shada lake la plastiki akijigamba kunipandia mbegu, nilifikiria kalamu ile nywelani. Akaniandikia dawa ambayo si dawa: ninuse vitu vinne asubuhi na jioni, vilevile kila siku, polepole, huku nikikumbuka vilivyokuwa vinanuka zamani, ili nyuzi zifundishwe njia. Tulipokuwa tunatoka akamwita shangazi. "Na wewe mama, hilo kopo la ugoro, hizo za kwako unazipa nafasi ya kuamka?" Shangazi akaliziba kopo kwa kiganja. "Tumekuja kwa ajili ya mtoto," akasema.

Akatangaza sokoni, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, kwamba dagaa wa Baba Zuhura walikuwa wazima. Na begi langu likarudi chini ya kitanda, ila nguo hazikutolewa. "Mpaka baridi iishe," akaniambia. "Ikiisha hujapona, usinililie."

Nikaanza. Karafuu, limau, jani la mlingoti lililofikichwa, na cha nne nilichagua dagaa, kwa kuwa ndio walionitukana. Baridi ya Ufipa mwezi wa saba haina mzaha. Niliketi jikoni karibu na jiko nikiwa nimejifunga blanketi, nikinusa visahani vinne kama mganga aliyefilisika. Deo alipokuja likizo alileta rafiki zake waangalie. Karafuu ilikuwa tairi, wiki baada ya wiki, kisha siku moja ikawa tairi lililopita karibu na karafuu. Limau likaja lote kwa mkupuo na nikalia, jambo ambalo nililisingizia limau. Dagaa walikawia. Na asubuhi moja niliingia jikoni mapema nikamkuta shangazi ameinamia visahani vyangu, macho yamefumbwa, pua ndani ya karafuu. Kopo la ugoro halikuwepo kiunoni kwake.

"Natafuta kiberiti," akasema.

"Kwenye karafuu?"

"Kaoge, wewe. Unanuka."

Alisema, na wote wawili tukasikia alichosema.

Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, nilikuwa bado nipo, kwa vile hakuna aliyetamka kwamba baridi imeisha. Lori likaja. Mkono wangu ulikuwa haujaingia kwenye kiroba mbele za watu tangu siku ya matapishi, na soko lilisogea kutazama. Jirani wa meza ya pili alivuta viatu vyake nyuma. Viroba viwili vya kwanza: dagaa, dagaa tu, na kwa mbali kabisa uzi mmoja wa mafuta ya taa uliopotea njia. "Twende. Twende." Cha tatu, cha Baba Zuhura, nikafikicha, nikanusa, ikaja ile ya chini. Choo cha shule. Nikasita. Sikujua kama ni kiroba au ni kichwa changu, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwelewa daktari na ile "sijui" yake.

"Nadhani kimeloa katikati," nikasema. "Sijui. Nadhani."

"Ameanza!" Baba Zuhura akainua mikono. "Mama Deo, tulishayamaliza haya hospitali!"

Shangazi alitusogeza wote wawili. Alipiga goti, akazamisha mkono wake mwenyewe mpaka kiwikoni, akafikicha, akaleta viganja usoni. Alivuta pumzi, akavuta tena. Kisha akachukua kisu akakipasua kiroba ubavuni, akakimwaga juu ya turubai, na katikati walikuwa wameshikana, weusi, wanateleza. Baba Zuhura alitazama, akavua kofia. "Mashua ilipigwa na wimbi," akasema taratibu. "Sikujua, mama. Haki ya Mungu." Shangazi hakumcheka. Alikuwa bado ananusa viganja vyake, huku machozi yanamtoka, na sidhani kama ilikuwa ni ukali wa harufu.

Ndipo nilipopiga hesabu yangu. Kama pua yake imeamka, yangu ni ya nini? Nililala usiku ule nikilisikiliza begi chini ya kitanda. Asubuhi lilikuwa juu, wazi, nguo zimetolewa, na shangazi amelitia madaftari yangu. "Lori likija usije tena sokoni," akasema. "Nanusa mwenyewe. Wewe nenda shule, ukamuulize yule mwalimu wako maswali mpaka astaafu."

Nimejitahidi. Jumamosi amestaafu.

Baada ya hotuba nilitakiwa kwenda meza kuu kumpa mkono. Nilipoinama nikaipata, kabla hata sijamfikia: chini ya limau, chini ya pilipili, ndani ya yule mgebuka mkubwa aliyewekwa mbele yake peke yake kwa heshima. Choo cha shule. Nikamnong'oneza kwa adabu zangu zote. "Shikamoo mwalimu. Hongera. Samaki huyo ameharibika, usimle." Akanipigapiga bega, akicheka ili meza nzima isikie. "Skolastika! Utani wako haukuisha? Nimekula samaki kabla hujazaliwa." Akamega ubavu, akachovya, akala, akamega tena.

Nilirudi mahali petu. Shangazi alikuwa ameshasogeza kiti chake na changu upande wa pili wa turubai, kwenye njia ya chooni, na amenishikia soda yangu.

"Kaa," akasema. "Hapa tutaona vizuri."